Siku ya Mpiga Dumbak

Kazi yangu katika klabu ilikuwa kubembeleza. Kwa jina nilikuwa katibu, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa wachache pale waliopita skuli, lakini ya kuandika hayakuwa mengi. Kazi yenyewe ilikuwa kuvaa buibui baada ya sala ya adhuhuri, kutoka kwetu Kiponda, mjini Unguja, kuvuka Darajani kuingia Ng'ambo, na kupiga hodi mlango kwa mlango kuwakumbusha watu mazoezi. Huyu mumewe hataki. Yule ana mgeni kutoka shamba. Mwengine kanuna kwa sababu mara iliyopita kahawa ilimfikia mwisho, imeshapoa. Unamsikiliza, unampa pole, unaisifu sauti yake, unarudi kwako miguu imevimba. Mtu unayemlipa ukichoka naye unamuaga. Mtu anayekuja kwa mapenzi yake huna la kumfanya ila kumwomba tena, na wenyewe wanalijua hilo vizuri sana.

Klabu yetu ilikuwa ya taarabu, ya wanawake watupu, na aliyeianzisha ni mjane mmoja ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Alitupa ukumbi wa orofani kwake, mikeka, na kinanda cha mkono alichoachiwa na marehemu mumewe. Mwenyewe hakuwa akiimba wala kupiga chochote. Alikuwa akikaa juu ya kitanda pembeni, anatafuna tambuu, anasikiliza, na akikunja uso tunaacha hapo hapo tulipofika na kuanza upya.

Mshahara haukuwepo. Kilichokuwepo kilikuwa kitu kimoja tu, na tulikiita "siku yako". Mwanachama akimwoza binti yake, klabu inamwendea nzima nzima, mji wowote, shamba lolote. Siku hiyo anawekewa kiti mbele ya waimbaji. Bi Mkubwa anamvisha kifuani kikuba, kishada cha asumini na rehani, kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo ni mwiko kwake kushika ala, au hata kuinua sinia. Anakaa, anaimbiwa. Nimeona wanawake wakilia pale kitini kabla wimbo haujaanza, wanawake wenye ndimi kali ambao nyumbani kwao hata paka alikuwa akiwaogopa.

Mpiga dumbak wetu alikuwa mtu wa Mkokotoni, shamba. Aliolewa mjini, akaachwa, akabaki Ng'ambo akikaanga bajia za kuuza, na binti yake akalelewa na bibi yake huko huko kwao. Dumbak ni kigoma kidogo cha kupakata, unakipiga kwa vidole, na vidole vyake yeye vilikuwa na makovu ya mafuta ya moto. Hakuwa msemaji. Katika nyumba zote nilizozipita, yake ndiyo pekee ambayo sikubembeleza hata mara moja. Nikifika nakuta sufuria limeshaepuliwa, buibui limeshatundikwa kwenye msumari wa mlango. "Nshakuwa tayari," ananiambia, nami napumua.

Alipiga dumbak kwenye harusi ya binti wa kila mmoja wetu aliyeoza. Kwenye pilau alikuwa akikaa mwisho wa mkeka, na mtu akimsifu humwambia, "Na mie siku yangu ipo." Alikuwa akicheka akisema hivyo, lakini hakuwa akitania.

Halafu siasa ya vyama ikaingia majumbani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, na waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Watu waliachana kwa chama. Watu waliulizana gari ni la nani kabla ya kupanda, na duka ni la nani kabla ya kununua kibiriti. Kuna maiti waliozikwa na nusu ya mtaa. Sisi tulidhani ukumbi wa Bi Mkubwa hautafikiwa, kwa sababu tulikuwa wanawake na tulikuwa na nyimbo. Upuuzi mtupu! Siku moja mwimbaji wetu mmoja alikataa kahawa, akasema hajui buni imenunuliwa kwa nani. Mwenziwe akamjibu kwamba mkeka nao anaoukalia aulize umesukwa na nani. Wakainuka, na kila mmoja akainuka na watu wake, na tukabaki tumekaa pande mbili za ukumbi kama watu wanaogombania kiwanja.

Bi Mkubwa hakulala vizuri siku hizo. Nilimwona macho yake. Angeweza kuwafukuza? Wangekwenda, na sauti zingekwenda nao. Basi akapata njia ambayo sote tuliisifu: hawa waje mazoezini Jumatatu, wale waje Jumatano. Ukumbi ule ule, nyimbo zile zile, kinanda kile kile, ila hawakutani. Ugomvi ukaisha. Kahawa ikanyweka. Mimi mwenyewe nilimwombea dua Bi Mkubwa, maana hodi zangu ziligeuka kuwa nyepesi. Kila niliyemfikia alitaka kujua tu siku yake ni ipi, akaja.

Jumatatu walikuwa vijana zaidi, na wakazoea kuimba kwa haraka haraka, na makofi. Jumatano walikuwa watu wazima. Wao waliuvuta kila mstari mpaka mwisho wa pumzi. Mpiga dumbak alikuja siku zote mbili. Hakuna aliyemwambia aje mara mbili, na hakuna aliyemuuliza chama chake. Alikaa mahali pake pale pale, kati ya pande mbili, Jumatatu akiwazuia kidogo, Jumatano akiwasukuma kidogo, na sisi tuliokuwa tukisikiliza tukaona klabu iko salama.

Ndipo binti yake alipoposwa.

Alikuja kwa Bi Mkubwa na halua kwenye kikapu kidogo, akaketi chini, akashindwa kusema mpaka Bi Mkubwa akamsemea. "Siku yako imefika, mwanangu." Akaitikia kwa kichwa. Nilipomsindikiza ngazini alinishika mkono.

"Watakuja wote?"

"Watakuja, dada."

"Sitaki kitu chengine mie. Kule kwetu nshawaambia klabu ya mjini inakuja nzima. Wakija nusu, bora wasije."

Sijapata kubembeleza kama nilivyobembeleza mwezi ule. Nilibembeleza mpaka nikachukia sauti yangu. Kila nyumba niliulizwa kwanza, "Na fulani atakuwepo?" Nikisema ndiyo, uso unafungwa. Nilikumbusha nani alipiga dumbak kwenye harusi ya nani, nikamtaja kila binti na kila mjukuu. Mmoja nilimpigia magoti, na mumewe yuko barazani anatazama. Hatimaye wakakubali wote, kwa sharti moja, kwamba magari yawe mawili, kila upande na gari la mtu wao. Sare ikawa kanga ya aina moja, na hilo nalo lilikuwa na vita vyake. Niliporudi kwa Bi Mkubwa na kumwambia wote wanakuja, alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu utosini. Nilihisi nimefanya kazi ya kuponya.

Siku yenyewe magari mawili yalifuatana mpaka Mkokotoni. Gari letu liliharibika gurudumu njiani, lile jengine likatupita, na hakuna mkono uliopungwa. Lakini tulipofika na kushuka, sote katika kanga za rangi moja, watu wa pale walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa makuti, turubali limefungwa juu, mikeka mipya. Kiti kimewekwa mbele, na juu yake mto wa hariri.

Akatoka. Alikuwa amepakwa hina mpaka kwenye viwiko, na nguo aliyoivaa sikuwahi kumwona nayo. Bi Mkubwa akamvisha kikuba. Akakaa, akaitazama safu ya kwanza hadi ya mwisho, na nikaona midomo yake inatikisika kidogo: alikuwa akihakikisha. Wote. Akanitafuta kwa macho, akatabasamu. Mikono yake haikujua ikae wapi. Mara iko mapajani, mara iko kwenye kikuba.

Dumbak alipewa kijana mmoja wa Jumatatu, msichana hodari tu, wala simlaumu. Kinanda kikaanza, akaingia, na wimbo tuliomtungia bi harusi ukaanza.

Ubeti wa kwanza haujafika katikati, nikajua. Jumatatu walikuwa mbele. Jumatano walikuwa bado wanauvuta mstari ambao wenzao wameshaumaliza. Msichana wa dumbak akawatazama, akapunguza, na Jumatatu wakajikuta wanapiga makofi hewani. Akaongeza, Jumatano wakapotea. Wimbo ule ule, maneno yale yale niliyowafundisha kwa mdomo wangu, na walikuwa wakiimba nyimbo mbili. Nilisikia mtu wa pale nyuma yangu anacheka kwa pua. Nikamtazama Bi Mkubwa, naye akakunja uso. Kwa mazoea ya miaka, nusu yetu wakanyamaza ili waanze upya. Nusu nyengine, ambao walikuwa wamempa mgongo, wakaendelea.

Hapo ndipo shetani alipokaa. Mmoja wa Jumatano akasema, si kwa kunong'ona, "Wametufanyia kusudi." Mmoja wa Jumatatu akajibu, "Wallahi nyie ndio mliokuja kutuharibia." Mwengine akainama kulitafuta buibui lake. Nikasimama, nikakaa tena. Miezi yote ile tulidhani tumewatenganisha watu ili klabu isivunjike, na kumbe kilichokuwa kikiishika klabu ni vidole vya mtu mmoja, na mtu huyo leo tumemweka kitini na kumharamishia dumbak.

Aliinuka. Bi Mkubwa akasema, "Kaa, mwanangu, kaa, nakuomba." Hakukaa. Alimfikia yule msichana, akaichukua dumbak mapajani mwake taratibu, akashuka mkekani na nguo yake mpya, kati ya pande mbili, mahali pake. Kikuba kikabanwa baina ya kifua chake na kigoma. Akaanza peke yake. Akawatazama Jumatano mpaka wakafungua midomo. Akawatazama Jumatatu kwa jicho la mama anayemzuia mtoto asikimbie barabarani. Wimbo ukarudi, ukashikana, ukaenda. Ukaisha, tukapiga mwengine, na mwengine baada ya huo. Tuliimba vizuri kuliko siku zote. Mbele yetu kiti kilikuwa kitupu na mto wake wa hariri, na sote tulikuwa tumekielekea, kwa kuwa ndivyo tulivyopangwa. Asumini zilikuwa zikidondoka moja moja juu ya mkeka. Sikumwona akilia. Mimi nililia, na mpaka leo nikisikia dumbak inaanza peke yake huinuka nikatoka nje.

Wenyeji walifurahi. Wakati wa pilau bibi mmoja wa pale alinishika bega, akaniambia, "Hongereni, mila yenu nzuri. Mama anampigia mwanawe mwenyewe." Nikamshukuru.

Tulirudi mjini kwa magari mawili.

Jumatatu iliyofuata Bi Mkubwa aliniita. "Naam," nikaitikia, na nikajua anataka nini. Hakulala tena, ilikuwa dhahiri. Alisema mazoezi sasa yatakuwa siku moja, atakayekuja aje, asiyekuja Mungu amsaidie, na kwamba nianze kwa mpiga dumbak kabla ya mtu mwengine yeyote. "Mwambie klabu inamtaka radhi. Mwambie mimi ndiye niliyesema hivyo."

Nikaenda Ng'ambo. Msumari wa mlangoni ulikuwa mtupu. Alikuwa amekaa mbele ya karai, anageuza bajia, na hina mikononi bado nyekundu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

"Bi Mkubwa anakutaka radhi. Na sisi sote."

"Sina kinyongo na mtu. Kesho nnamletea halua iliyobaki harusini."

"Na mazoezi? Sasa tutakuwa pamoja, siku moja."

Akatoa bajia kwenye mafuta, akazichuja, akaniwekea kwenye karatasi zikiwa za moto bado.

"Mie nilikuwa nnaingoja siku yangu," akasema. "Ilikuja. Nshajipigia mwenyewe. Nije tena kungoja nini?"

Alisema bila ukali, kama mtu anayekueleza njia. Nikakaa juu ya kibao, karatasi ya bajia mapajani. Nilijua pa kumshikia kila mwanamke wa klabu ile: nani anataka kusifiwa sauti, nani anataka kusikilizwa kuhusu mumewe, nani anataka aombwe mbele za watu. Yeye peke yake sikuwahi kumbembeleza, na sikujua pa kuanzia. Nikafungua mdomo, nikaanza kumbembeleza hivyo hivyo. Aliniacha niseme, na alikuwa akigeuza bajia zake.