Mpira Uliokunywa Dawa ya Miembe

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa sauti yake, mwanangu. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, upepo hakuna, na mfereji wa bomba nilioufunga kwa mikono yangu ulikuwa unavuta pumzi.

Mimi bado si mzee, lakini siku ile ilinizeesha. Niliishia darasa la nane, nikajifunza kazi ya mabomba kwa kuwatazama wengine. Mikono ilishika haraka. Mdomo ndio uliokuwa mzito. Mtu akiniuliza jambo mbele ya watu, masikio yangu yaliwaka moto, nikatazama viatu.

Susu Kamene, nyanya mmoja mjane anayeishi mlimani juu ya soko la Mukuyuni, aliniita nimwekee mfereji wa nje, kati ya sukuma wiki na miembe yake. Nikaenda hadiwea, duka la vifaa vya mabomba, nikataja vitu vyangu kwa sauti ndogo: paipu ya nusu inchi, elbo mbili, soketi, tepu ya kuziba nyuzi za paipu, na mfereji wa shaba wenye mdomo wa kuvalisha mpira wa maji. Muuzaji akavipanga mezani, kisha akaniinulia kitu kingine kidogo cha shaba, chenye mshale ubavuni.

"Ya nje inataka na hii, ama?"

Sikukijua. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga laini.

"Fundi, si useme! Ama tukutafutie mtu wa kukuongelea?" mama mmoja akasema, wakacheka.

Nikatikisa kichwa kukikataa, nikabeba vyangu nikatoka.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri. Hakuna kiungo kilichovuja hata tone. Susu akaniita fundi, nami nikatembea siku hiyo kama mtu aliyeongezwa urefu.

Unajua maji ya huku, mwanangu. Yanakuja leo, yanapotea siku kadhaa, na saa ya kurudi haijulikani. Kwa hiyo sote tunafanya vile vile: mfereji unaachwa wazi, mpira ndani ya pipa, ili yakija yajijaze. Siku ile ninayokusimulia, maji yalikatika pipa la Susu likiwa karibu kujaa. Akamimina dawa ya kuua wadudu wa miembe humo humo, akakoroga kwa mti, na mpira akauacha ndani. Kisha akaniita nije nimsaidie kupiga dawa.

Nilimkuta amesimama hatua tatu kutoka kwa pipa. Hata salamu hakunipa.

"Kijana, kuna mtu anakunywa dawa yangu."

"Nani, Susu?"

"Simwoni."

Nikachungulia. Dawa nyeupe ilikuwa imeshuka hadi nusu, na ukuta wa pipa ulikuwa bado umelowa pale ilipokuwa. Pipa halikuwa na tundu. Chini palikuwa pakavu. Ikaendelea kushuka tukiitazama. Mpira ulikuwa unatetemeka kidogo, kama koo la mtu anayemeza, na mle ndani ya mfereji ikatoka ile sauti: pumzi ndefu, kimya, pumzi ndefu. Susu alianza kuomba kwa sauti ya chini. Mimi nilitaka kukimbia.

Sijui ni nini kilichonifanya niiguse paipu. Ilikuwa baridi, na kitu kilikuwa kinapita ndani yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Dawa ilikuwa inateremka mlimani. Maji yakikatika, na mtu wa chini akifungua mfereji wake, yale yaliyobaki ndani ya laini hushuka na kuvuta kilicho juu kiyafuate. Chini yetu, kwenye laini ile ile, palikuwa na boma la Mama Mutheu na watoto wake. Na maji meupe hapa hayamshtui mtu, kwa sababu yale ya kwanza kutoka baada ya kukatika huwa hivyo hivyo.

Nikachomoa mpira, nikakimbia. Nilifungua mdomo kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikajaribu tena, haikutoka. Mara ya tatu ilitoka, na sikuitambua kuwa ni yangu.

"Msinywe! Mama Mutheu, msinywe maji!"

Nilipofika bomani, mwanambuzi alikuwa amelala kando ya beseni la maji meupe, povu mdomoni, miguu inakimbia na mwili umetulia. Mlangoni Mama Mutheu alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Nyuma yake watoto wawili, kila mmoja na chake.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Mmekunywa?"

"Bado. Tumesikia nduru, tukangoja kujua ni nani amekufa."

Kwetu nduru ikisikika mlimani, mtu huacha alichokuwa akifanya. Hawakusikia maneno yangu, ila ile sauti tu.

Mzee Nzioka, aliyefukia mabomba ya upande ule wote, alikuja kutusaidia kuosha laini. Aliuinamia mfereji wangu, akaifuata paipu kwa kidole.

"Hukuweka valvu ya kuzuia maji kurudi."

"Sikuijua, mzee."

"Kutojua si kosa. Dukani uliuliza?"

Nikatazama viatu.

"Unaona? Hata sasa umenyamaza."

Basi, mwanangu, ukiweka mfereji wa nje, weka ile valvu kabla ya mfereji, mshale ukielekea maji yanakokwenda. Ukiigeuza itakufungia maji. Mpira usiguse kilicho ndani ya pipa, uning'inie juu yake, na dawa ikorogwe kwenye chombo cha pembeni. Na kitu usichokijua kikiwekwa mezani, uliza ni cha nini, hata laini nzima ikicheka. Kicheko chao kinaisha kabla hujafika mlangoni.

Mungu akupe maji safi na koo lisiloogopa kuuliza. Na watakaokunywa kwenye kazi ya mikono yako, wanywe na waamke salama.