Kilomita Tatu kwa Lita Moja

Mie dizeli naijua kuliko wengi wanaoiuza. Shule niliishia darasa la nne, Vingunguti, nyuma ya machinjio, na asubuhi kabla ya kengele nilikuwa nimeshabeba ngozi mbichi mgongoni mpaka kwenye gari la wanunuzi. Kutoka kwenye ngozi nikawa utingo, kutoka utingo nikawa dereva wa masafa, miaka kumi na sita Dar kwenda Tunduma. Kutoka kwenye usukani wa watu nikanunua kichwa changu cha kwanza cha lori na tela lake. Leo ninavyo vinne. Nyumba yangu iko Kawe, geti lake linafunguka lenyewe. Wapo waliosoma mpaka wakavaa majoho, wananiamkia na kuniombea vijana wao kazi. Nayaeleza haya mwanzoni kabisa ili nikifika kwenye upuuzi wangu mjue haukufanywa na mtu mjinga.

Goti langu la kushoto, lile la klachi, lilikufa taratibu. Daktari akaniambia masafa basi. Nikakubali mbele yake, nikamtukana moyoni, halafu nikakaa nyumbani. Mtu aliyezoea kuamka na mlio wa injini ukimkalisha sebuleni anaoza kama embe kwenye gunia. Nilikuwa nakwenda yadi asubuhi, nanusa dizeli, nawagombeza mafundi bila sababu, narudi.

Binti yangu wa mwisho, anayesomea mambo ya kompyuta chuoni, ndiye aliyenionea huruma. Akaniwekea gemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta yake ya zamani. Tukaenda naye Kariakoo tukanunua usukani wa mtumba na pedeli zake, akaufunga kwenye meza ya chakula, klachi akaiondoa kwa ajili ya goti. Barabara ni za Ulaya, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Unachukua mzigo mji huu unapeleka mji ule. Kuna mvua, kuna polisi wa kukupiga faini, na gari inakula mafuta kweli kweli. Ukipanda mlima na tani ishirini na tano nyuma, mshale wa mafuta unauona kwa macho unavyoshuka.

Sasa sikilizeni aibu. Wiki ya kwanza niliishiwa mafuta nikazimikiwa njiani mara tano. Mie, ambaye nilikuwaga nasikiliza mlio wa injini nikakwambia tanki lina lita ngapi.

"Baba, umezima tena?" binti anauliza kutoka chumbani.

"Tanki bovu hili."

"Tanki la kompyuta linaharibikaje, baba?"

"Muulize aliyelitengeneza."

Mama yake akadakia jikoni: "Huyo ndiye dereva wa Tunduma niliyeolewa naye?"

Wakacheka wote wawili. Mie sikucheka. Chakula siku hiyo nilikigusa tu. Mnaweza kuona ni jambo dogo, kompyuta tu, lakini mtu akishanyang'anywa gari ya kweli na daktari, halafu hata ya bandia ikamshinda, anabaki na nini?

Basi wiki iliyofuata mkono ukarudi. Nilipakia mzigo uleule, nikapita njia ileile, nikafika, na tanki halijafika hata nusu. Siku ya pili hivyohivyo. Nikachukua simu, nikapiga hesabu: kilomita tatu kwa lita moja, na tani ishirini na tano mgongoni. Nikamwita mama watoto aje aone. Nikamwambia binti, unaona, ufundi haufi, unasinziaga tu. Binti akatabasamu, akasema, "Hongera baba," akarudi chumbani kwake.

Kila mwenye lori mjini hapa anajua gari yenye mzigo inakula lita moja kwa kilomita mbili. Nikaanza kujiuliza hiyo mbili tumeitoa wapi. Tumeambiwa na madereva. Na madereva mie nawajua, maana nilikuwa mmoja wao. Naujua mpira wa kunyonyea, nakijua kidumu kinachokaa nyuma ya kiti, nazijua nyumba za njiani ambazo mama anauza wali mbele na kununua dizeli nyuma. Tajiri wangu wa zamani, mzee wa Kiarabu mwenye duka Kariakoo, Mungu amrehemu, alikuwa ananiuliza gari inakula ngapi, nami namjibu moja na nusu, sheikh, milima mingi. Anaandika. Katika miaka kumi na sita sikumbuki safari niliyofika Tunduma bila kuuza. Kichwa changu cha kwanza kina dizeli ya yule mzee ndani yake, nayasema haya leo kwa sababu amekufa na mie nimechoka.

Kwa hiyo nilipoiona ile tatu kwenye kioo, nilijua nani ananila.

Dereva wangu mkubwa alikuwa nami miaka tisa. Mtu wa Njombe, mwimba kwaya, hanywi, haongei sana. Akirudi safari ananipitishia nyumbani gunia la viazi, binti yangu akimwita anko. Alikuwa anajenga Chanika, polepole, na mie nilishawahi kuyaona matofali yake yamepangwa, nikampongeza. Sasa yale matofali yakaanza kunisumbua. Nikawa nayahesabu kichwani kwa lita.

Aliingia yadi saa tisa alasiri. Wenye malori wenzangu watatu walikuwa hapo wanakunywa chai. Nikamwita mbele yao.

"Umetumia ngapi safari hii?"

"Kama siku zote, bosi. Mbili."

"Mie nimepata tatu."

Akalitazama goti langu. "Umeendesha lini, bosi?"

"Jana."

"Gari gani?"

Nikamwambia. Mmoja wa wale wenzangu, bonge mwenye magari kumi, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Laiti asingecheka yule, pengine ningeinyamazia.

"Bosi," dereva akasema, bila kucheka, "hiyo gemu inakaa foleni ya mizani injini inanguruma? Inapanda Kitonga nyuma ya lori bovu?"

"Ina milima kuishinda Kitonga."

"Sawa. Lakini si ni picha, bosi?"

"Na matofali ya Chanika, nayo ni picha?"

Fundi aliyekuwa chini ya gari akaacha kugonga.

"Matofali ni mshahara wa miaka tisa," akasema. "Na hata linta sijafika."

"Weka ufunguo."

Akautoa mfukoni, akaufuta kwa pindo la shati, akauweka mezani kando ya vikombe. "Nakuomba kitu kimoja tu, bosi. Mtu akikuuliza, sema nimeacha mwenyewe."

Nilikataa. Nilifanya zaidi ya kukataa. Mie kuandika sipendi, herufi zinanikimbia, lakini sauti ninayo. Nikaingia kwenye grupu la wasapu la wenye malori, nikabonyeza, nikasema: jamani, huyu bwana nimemwachisha, ni mnyonyaji wa dizeli, nimethibitisha kwa vipimo, msije mkasema sikuwaambia. Nikaachia. Tiki mbili, zikawa za bluu. Siku ile nilikwenda kulala najiona mwanaume.

Dereva mpya nikampa mafuta kwa hesabu ya kilomita tatu kwa lita. Akapiga simu kutoka njiani, tanki limekauka na theluthi nzima ya safari bado iko mbele. Nikamtukana, nikamtumia mafuta, aliporudi nikamfukuza. Nikaweka mwingine, naye vilevile. Nikasema, nchi nzima ni wezi.

Binti, aliyekuwa amerudi chuoni, akaja likizo. Tuko mezani, akauliza, "Baba, anko wa viazi mbona hapiti siku hizi?"

Nikamsimulia, tena kwa mbwembwe, jinsi nilivyomkamata kwa kompyuta yake yeye mwenyewe. Nilidhani atafurahi. Akaweka kijiko.

"Ile tatu uliitoa wapi, baba?"

"Kwenye gari yangu hiyo hapo."

"Baba, ile niliifanya mimi."

"Uliifanyaje?"

Akainuka, akawasha kompyuta, akanionyesha ukurasa wenye maneno ya Kiingereza, mistari mingi, kila mstari na kisanduku chake. "Huu mstari unasema matumizi halisi ya mafuta. Ukiweka tiki, gari inakula kama ya kweli. Ukiitoa, inakula kidogo. Ulikuwa unakwama kila siku, ukawa huli. Nikaitoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaanza kufurahi."

Ukurasa ule nilikuwa naupita kila siku nikitafuta pa kuongeza sauti ya injini. Maneno yalikuwa pale pale, yananitazama, nami nayapita kama vibao vya matangazo ya sabuni. Kiingereza changu ni cha barabarani: stop, slow, reverse, basi. Aliyesoma angeliona siku ya kwanza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba shule haikunipunguzia kitu.

Sikumgombeza. Nikamwambia arudishe ile tiki. Nikakaa, nikachukua mzigo uleule, njia ileile, nikaendesha kwa adabu zote ninazozijua. Nilipofika nikapiga hesabu, haikutimia hata mbili. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akasema taratibu, "Baba, mpigie." Nikamwambia aniache.

Nilikaa siku nne. Wengine wanaweza kuomba radhi kwa simu, mie siwezi, na ana kwa ana siwezi zaidi. Siku ya tano nikaenda Chanika.

Nilimkuta kwenye kiwanja cha jirani yake anafyatua matofali ya watu, mikono imekuwa ya saruji mpaka kwenye viwiko. Mke wake akanitolea kiti cha plastiki, akaniamkia vizuri, akaondoka. Nyumba yao ilikuwa palepale, haijafika linta, kuta zimeishia kwenye madirisha.

"Karibu, bosi."

"Asante. Nimekuja urudi kazini."

Akaendelea kushindilia mchanga. "Nimezunguka kwa matajiri watatu. Wawili walinipigia kabisa ile sauti yako nisikilize. Mmoja alirudia mara mbili."

"Nitaifuta."

"Utaifuta kwenye simu yako."

Nikamweleza habari ya kisanduku na tiki. Nikasema gemu ilinidanganya. Hapo akaacha kazi, akanyoosha mgongo.

"Gemu haikunijua mimi, bosi. Wewe ulinijua miaka tisa. Na njia ile umeipita kabla yangu. Enzi zako gari ilikuwa inakula ngapi? Siyo ile uliyomwambia tajiri. Ile ya kweli."

Nikainamia kiatu changu, nikakwangua saruji iliyonirukia. Sikuwahi kuijua. Tanki la mtu ambaye ananyonya halimwambii kitu, na mie sikuwahi kuendesha tanki zima kutoka Dar mpaka Tunduma katika maisha yangu. Yeye alielewa, nami nikaona ameelewa.

"Sema kwenye grupu," akasema. "Hapahapa, nisikie."

Nikatoa simu. Nikasema kulikuwa na kutoelewana kidogo juu ya mafuta, tumeshayamaliza, ni kijana wetu. Nikaachia.

"Hapo umejifuta jasho wewe," akasema. "Mimi bado mwizi."

Alikuwa sahihi, nami nilimchukia kwa kuwa sahihi. Nikabonyeza tena. Nikasema huyu mtu hajawahi kuniibia hata kibaba. Nikasema nilimpima kwa gemu ya kompyuta, na gemu yenyewe ilikuwa imezimwa ulaji wa mafuta, na sikujua kwa sababu sikuweza kusoma kilichoandikwa. Pale kwenye kusoma nilitaka kufuta nianze upya. Nikaachia hivyohivyo.

Kabla sijafika barabara ya lami simu ilikuwa inatetemeka mapajani kama ina homa. Walicheka wiki nzima. Walinitumia picha za magari ya watoto ya kuvuta kwa kamba. Bonge akanipa jina, dereva wa sebuleni, na yadi nzima likashika, mpaka mafundi ninaowalipa wakawa wanalinong'ona.

Bonge huyohuyo ndiye aliyemwajiri yule mtu wa Njombe, tena siku ya tatu tu. Nikampigia, nikamwambia nitampa kuzidi atakachopewa kule.

"Nakushukuru, bosi," akasema. "Lakini sitaki kila nikirudi nikuulize jana uliendesha gari gani."

Sijutii kuisema ile sauti ya pili. Najutia kwamba ilihitajika. Wananiambia mambo yameisha vizuri, mtu kapata kazi, jina limerudi. Yake yameisha vizuri. Mie nina magari manne, na katika madereva wote niliowahi kuwa nao mmoja tu alikuwa akiniambia namba ya kweli, na nilimfukuza kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Juzi dereva wa sasa kaniletea karatasi ya mafuta. Kilomita moja na pointi nane. Anasema mizani ilikuwa na foleni, na mvua ilinyesha Kitonga. Inawezekana. Inawezekana pia amepita kwa mama mmoja mwenye wali mbele. Nilimtazama usoni, kijana akanitazama bila kupepesa, kama nilivyokuwaga namtazama yule mzee wa Kariakoo. Nikamwomba kalamu, nikasaini.