Siku Seva Ilipomwita Baba Mkwe

Naomba kila mwenye kicheko chake akimalize sasa hivi, maana nikifika katikati nikasikia mtu anaguna nitaacha kusimulia, na mke wangu (yumo humu ndani ya kisa, mtakutana naye) ameshaniambia ama nisimulie mwenyewe ama atasimulia yeye, na yeye anaongezaga chumvi mpaka chakula kinakuwa hakiliki. Nilijiaibisha mbele ya kampuni nzima, na kitu kilichoniaibisha nilikitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikakipaka rangi nyekundu kionekane vizuri.

Ulikuwa ule mwaka ambao watu walikuwa na hofu kwamba ikifika elfu mbili kompyuta zote zitachanganyikiwa. Mie nilikuwa naandika programu kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zake Temeke, chini ghala, juu sie wenye mashati ya mikono mirefu. Mwenye kampuni, Bwana Murtaza, Mhindi wa Dar tangu babu yake, alikwenda Dubai kumtembelea binamu yake, akaona huko wafanyabiashara wanatumia kitu kipya kinachoitwa seva ya programu, akarudi nayo kwenye boksi kama watu wanavyorudi na redio. Akatuita mie na mwenzangu Edgar, akaiweka mezani, akasema, "Haya, wataalamu. Nataka kampuni yangu yote iingie humu."

Niwaeleze kidogo, msije mkapotea. Zamani programu ya kampuni ilikuwa lidubwana moja, ukigusa huku kunaharibika kule. Kwenye seva hii unaikata vipande, kipande kimoja kazi yake ushuru, kingine malori, kingine ghala, na vipande vyote vinakaa ndani ya seva kila kimoja na jina lake, halafu skrini ya mfanyakazi ikitaka kipande haina haja ya kujua kinakaa wapi, inafika mapokezi ya seva, inataja jina, inapewa. Basi. Mtu aliyeishi Temeke hahitaji kufundishwa hilo. Ingia mtaani kwetu uulize nyumba kwa namba, watu watakutazama tu, au taja jina la Mama Asha kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, hata mumewe atafikiri kidogo, lakini uliza kwa Mama Asha ni wapi, utapelekwa mpaka mlangoni na kiti utapewa. Sharti lake ni kwamba jina unaloita wewe liwe lile lile wanalolijua wao. Ukipishana nao kidogo tu, huyo mtu hayupo.

Sasa vipande vilitakiwa majina. Edgar, kijana wa Bukoba aliyesoma nje, mtu wa kunyoosha hata kalamu mezani, alitaka majina marefu ya heshima, HudumaYaMalori, HudumaYaUshuru, na kadhalika. Mie nikaona tunajichosha. Nikasema tuweke majina ya haraka haraka, kwa muda tu (hayo maneno mawili, kwa muda, yameshaua watu wengi), nikavipa vipande majina ambayo watu wa idara hizo walikuwa wanaitwa wakiwa hawapo. Malori nikayaita KeshoAsubuhi, kwa sababu fundi mkuu ukimwuliza gari litapona lini hana jibu lingine. Mahesabu nikayaita MamaRisiti, kwa ajili ya Mama Getruda, mhasibu wetu, ambaye ukitumwa karanga anataka risiti ya karanga. Ofisi ya mkurugenzi nikaiita ZimaFeni, na hapo sina haja ya kueleza, mtu aliyewahi kufanya kazi na Bwana Murtaza mwezi wa pili ataelewa mwenyewe.

Likabaki ghala. Mkuu wa ghala alikuwa Mzee Kibwana, mwenyeji wa Temeke hasa, Mzaramo wa pale pale, kofia yake safi siku zote, sauti ya chini, mtu ambaye ukimpa shikamoo unajikuta umesimama bila kuambiwa. Huyo hakuwa na jina la utani, hakuna aliyethubutu. Lakini alikuwa na binti, Zuhura, mwalimu wa chekechea Tandika, na mie na Zuhura tulikuwa tumeelewana, na mjomba wangu alikuwa amekubali kwenda kupeleka posa mwezi unaofuata. Nikakaa pale na kompyuta yangu, nikatabasamu peke yangu kama mwehu, nikaandika: BabaMkwe.

Mliozaliwa pwani mmeshashika vichwa. Kwa watu kama kina Mzee Kibwana neno hilo halitamkwi na kijana kabla watu wake hawajafika, wakakaa mkekani, wakasema walichotumwa, wakajibiwa. Ukilitamka mapema, wewe unaona umemheshimu mzee, watu wanaanza kujiuliza huyu ameshafika wapi na binti wa watu. Nililijua hilo vizuri. Ila nilijiambia, nani atalisoma? Liko ndani ya seva.

Kosa la pili niliongeza kwa uzalendo. Bwana Murtaza alitaka kila kitu kwenye skrini kiwe Kiswahili, wafanyakazi wake waelewe. Seva ikikosa kipande ilikuwa inatoa maneno ya Kiingereza, marefu, madogo madogo, ambayo kule ghalani yasingemsumbua mtu. Mie nikayaondoa. Nikaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa nyekundu: "Samahani, jina hili halikupatikana," kisha jina lenyewe, kisha, "Tafadhali ita tena." Nilijisifu sana kwa hiyo tafadhali.

Ijumaa tukajaribu, kila kitu kikaenda. Jumamosi mchana Edgar akanikuta nafunga mlango, nimejipulizia marashi, maana Zuhura alikuwa ananisubiri Sinza, sehemu moja ya chipsi kuku tuliyoipenda kwa sababu Sinza nzima hakuna aliyemjua baba yake. Edgar akasema, "Fadhili, nimefuta yale majina yako ya kihuni kwenye seva, nimeweka ya maana. Badilisha na upande wa skrini, yafanane." Nikasema sawa, sawa, braza, bila wasiwasi. Nikaenda Sinza. Chipsi zilikuwa nzuri.

Jumatatu Bwana Murtaza alikusanya watu wote ukumbini juu, kuanzia madereva mpaka wahasibu, akaazima projekta, mapazia yakafungwa, ukuta ukawa mweupe, na mie nikasimama mbele na fimbo ya kuonyeshea nikiwa na tai. Nikaeleza habari ya mapokezi na majina, nikatoa na mfano wa Mama Asha, watu wakacheka vizuri, Mzee Kibwana mwenyewe kwenye kiti cha mbele akatikisa kichwa kukubali, na mie nikajiona nimeshaolea pale pale. Nikasema tuanze na malori. Nikabonyeza.

"Samahani, jina hili halikupatikana: KeshoAsubuhi. Tafadhali ita tena."

Madereva wakaangua kicheko kilichosikika ghalani. Fundi mkuu akageuka kutafuta nani anacheka zaidi. Mie nikamwangalia Edgar, Edgar akanitazama kama mtu anayetazama gari la mwenzake likiingia mtaroni, akanong'ona, "Hukubadilisha?"

Hapo ningesema ukweli kwamba kuna hitilafu, tuahirishe, yangeishia kwa fundi mkuu na ningemnunulia soda. Lakini nilikuwa na tai. Nikawaambia lile ni jina la kitaalamu. Bwana Murtaza, ambaye anapenda sana mambo ya kitaalamu, akasema, "Vizuri, tuone na mahesabu," na kabla sijapata pa kujificha mkono wangu ukawa umeshabonyeza. MamaRisiti, halikupatikana. Mama Getruda akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akauliza kwa upole, "Na huyo ni mtaalamu gani?"

Sasa ukumbi ukachangamka, watu wakaanza kufurahia kama wako kwenye ngoma, kila idara ikitaka kuona ya mwenzake. Bwana Murtaza akasogea mbele, akanitoa kwa bega, akaishika mausi mwenyewe, akasema kama ni aibu tugawane wote, akabonyeza sehemu yake. ZimaFeni. Aliusoma ukuta, akaitazama feni juu yake, ambayo kweli ilikuwa imezimwa, akasema, "Umeme ni ghali, Fadhili. Nyie hamlipi." Lakini alikuwa anacheka, namshukuru mpaka leo.

Kikabaki kitufe kimoja. Mzee Kibwana alikuwa ametulia na tabasamu lake dogo, mtu pekee mle ndani aliyejua kwamba hana jina la utani, akasema, "Na ghala langu? Nionyesheni na mie."

Nikasema ghala bado halijakamilika. Bwana Murtaza akasema Ijumaa niliapa limekamilika. Nikasema mashine imepata moto, tuipumzishe. Nikarudi kinyumenyume nikijifanya napisha, nia yangu niikanyage waya ya projekta ichomoke, nikaikanyaga, ikagoma. Basi nikamwomba Mungu akate umeme. Nisikilizeni, mie siyo mtu wa dua nyingi, lakini ile ilipokelewa mara moja, pap, taa zikazimika, mtaa mzima ukanyamaza, kulikuwa na mgao wa umeme. Nikashusha pumzi. Halafu nikaona ukuta bado unawaka, maana kulikuwa na betri kubwa ya akiba iliyounganishwa na seva, kompyuta na projekta, na aliyemlilia Bwana Murtaza miezi yote ainunue, kwamba tutadhalilika umeme ukikatika, nilikuwa mie.

Kwenye giza lile Bwana Murtaza akabonyeza.

"Samahani, jina hili halikupatikana: BabaMkwe. Tafadhali ita tena."

Hakuna aliyecheka. Yale maandishi mekundu yalikuwa yanawamulika watu usoni. Nyuma dereva mmoja akauliza kwa nia njema kabisa, "Baba mkwe wa nani?" na Mama Getruda, ambaye alikuwa bado hajanisamehe ile MamaRisiti, akasema taratibu, "Mzee Kibwana si ana binti mmoja tu, yule mwalimu wa Tandika? Na programu hii si kaandika Fadhili?"

Mzee Kibwana alisimama. Akaiweka sawa kofia yake.

"Fadhili, mwanangu," akasema, na kile "mwanangu" ndicho kilichoniumiza, "kwetu mtu akitaka kuniita hivyo hutanguliza watu wake. Wewe umetanguliza kompyuta." Akatoka, akifunga mlango polepole, na mie ningefurahi zaidi angeubamiza.

Jioni ile Zuhura hakutaka kuniona. Baada ya siku chache alikubali nimsikilize, siyo anisikilize, akaniambia baba yake hajamgombeza, amemwuliza swali moja tu, kama kuna jambo ambalo ofisi nzima inalijua na yeye mzazi halijui, na kwamba alilia mbele ya baba yake kwa sababu yangu. Akasema, "Ulishindwa kuliita ghala ghala?" Nilikuwa na hakika nimempoteza. Usingizi ulikataa, chakula kilikataa, na kazini nilikuwa nazunguka nyuma ya jengo nisipite mlango wa ghala.

Mjomba aliposikia alitaka tuache kabisa, tutafute kwingine, lakini nilimbembeleza akaenda, na wazee wenzake, kanzu zimepigwa pasi. Nilikaa nyumbani nikiutazama mlango. Aliporudi alikuwa amekunja uso, akakaa, akaomba maji, akanywa yote.

"Wametupokea vizuri," akasema. "Kahawa tumekunywa. Lakini jibu la mzee mie sijalielewa. Anasema amelitafuta jina lako nyumbani kwake, halikupatikana."

Nikainama. Nikasema basi, mjomba, asante, imeisha.

"Ngoja, hajaishia hapo. Akatutazama, akasema, mwambieni, tafadhali, aite tena." Mjomba akanigeukia. "Aite tena, ndiyo nini? Mbona unalia na huku unacheka?"

Tukaita tena, safari hii kwa utaratibu wote, na wazee wengi zaidi, na mie nikiwa nimekwenda mwenyewe ghalani kumwomba radhi mbele ya wapakiaji wake. Wengine mlikuja kwenye harusi, Bwana Murtaza aliwasha feni zote. Seva ile ilishakufa siku nyingi, zimekuja nyingine, na nimeapa kwa ninachokiamini kwamba kipande cha ghala nitakiita HudumaYaGhala mpaka nastaafu, hata kiwe cha majaribio, hata kiwe cha dakika moja.

Mkwe wangu ameshazeeka, wajukuu wanampanda mgongoni. Bado namwita Mzee Kibwana, lile neno lingine limegoma kutoka mdomoni. Na kila nikipiga hodi kwake, hata kama ameshaniona dirishani, hata kama nimebeba mjukuu wake na tikiti maji, anakohoa kwanza, kisha anauliza kutoka ndani, "Jina?" Nami nalitaja lote, langu, la baba na la babu, nikiwa nimesimama barazani majirani wananitazama, ndipo nasikia komeo linavutwa.