Taa Tatu Usiku wa Mwezi Mwandamo

Nyinyi vijana mtakaoisoma karatasi hii, isomeni mpaka mwisho kisha mwende mkafanye kazi zenu. Siandiki ili mnihurumie. Nawasikia barazani mkisimuliana taa za ajabu zilizoonekana juu ya Nyali usiku wa kuamkia Idd, na kila ukipita mwaka taa zaongezeka. Mimi ndimi niliyekwenda nyumba kwa nyumba kuziulizia. Taa zilikuwa tatu, na zilikuwa nyekundu. Mengine yote ni maneno ya kahawa.

Kazi yangu ni kupinda leso. Nazichukua Biashara Street, nazikata, nazipinda, nazirudisha. Kumi la mwisho la Ramadhani mkono hauondoki kwenye cherehani, maana kila mwanamke ataka leso mpya ya Idd. Mwezi ishirini na nane nilirudi nyumbani na furushi la leso kichwani, na ndani ya furushi paketi mbili za fataki za wajukuu. Nilizinunua mimi mwenyewe. Likumbukeni hilo.

Mwanangu wa mwisho ni fundi wa mashine za boti, kazi yake ni Liwatoni. Alfajiri ya mwezi ishirini na tisa, baada ya daku, alitoka na nahodha mmoja mtu mzima kupeleka boti Shimoni kwa mwenyewe. Mashine alikuwa ameitengeneza yeye. Kutoka Shimoni angerudi kwa basi, futari aikute nyumbani. Mkewe, mkazamwanangu, alikuwa na mimba ya miezi saba, na alikaa jikoni kutwa akimpikia mkate wa sinia.

Magharibi ikafika, mkate ukapoa. Tukasema amekosa basi.

Kwetu kuangalia mwezi ni kazi ya nyumba nzima. Tulifuturu kwa tende na maji, tukaswali, tukapanda juu darini, na nyumba zote za jirani watu wamejaa juu vilevile. Mwezi mchanga huonekana magharibi, kwa hivyo sote tulikuwa tumeelekea huko, kwenye minara ya mjini, na bahari tumeipa mgongo. Ukaonekana mwembamba kama ukucha uliokatwa. Watu wakapiga takbiri nyumba hii mpaka ile.

Mkazamwanangu hakuweza kusukumana na watu kwa ile hali yake. Alikuwa ameegemea tangi la maji, nyuma yetu, uso wake Nyali.

Akasema, "Mama, tazama kule. Kuna taa nyekundu imepanda, na yashuka polepole mno."

Sikugeuka. Nikamwambia, "Fataki za mahoteli hizo. Wewe angalia mwezi uombe dua."

Hakuondoa macho baharini. Kisha akasema, "Nyingine hiyo."

Nikamwambia kuchelewa kwa mume kusimfanye aanze kuona mambo, ashuke akapumzike. Akashuka. Wajukuu wakawasha fataki zetu, na Mji wa Kale mzima ukaanza kulia pa! pa! na cheche zikaruka juu ya mapaa. Nakumbuka nilicheka.

Siku ya Idd simu ya mwanangu haikupatikana. Mchana tukampigia mwenye boti, naye akasema boti haikufika, yeye alidhani wameahirisha safari. Pilau ikabaki sufuriani mpaka ikachacha. Alasiri hiyo nilikwenda kwa watu wa doria ya baharini kuwaambia, na wakatoka kumtafuta kusini, upande wa Shimoni, maana ndiko alikokuwa akienda. Wakarudi giza limeingia, mikono mitupu.

Usiku ule mkazamwanangu aliketi kitandani, hakulala. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa rahisi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama, boti zina fataki nyekundu za kuombea msaada. Yeye mwenyewe alinionyesha. Sasa zile nilizoziona ni za nani?"

Nikashuka sebuleni, nikangoja kupambazuke.

Asubuhi ya Idd ya pili nikarudi kwa afisa wa doria. Nikamweleza kuna taa zilionekana Nyali, si kusini, abadilishe njia. Alikuwa hakulala yule kijana, macho mekundu. Akaniambia, "Bi mkubwa, usiku wa Idd nikifuata kila taa, mafuta yataniishia kabla sijatoka Kilindini. Niletee mtu aniambie wapi hasa." Ningemkasirikia, lakini yeye alisema yale yale niliyoyasema mimi darini, tena kwa adabu zaidi.

Niletee mtu aniambie wapi hasa. Nikarudi nayo njia nzima.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa wazee waliosikiliza mashahidi wa mwezi katika mtaa wetu. Mtu akija kusema ameuona, hapelekwi mbele mpaka aulizwe. Baba alimwita kila mmoja peke yake, kabla hajanywa kahawa na wenzake. Akimuuliza: Ulisimama wapi? Mwezi ulikuwa juu ya nini? Pembe zake zilielekea wapi? Ulikaa muda gani? Anayesema kweli hutaja paa, mnazi, mnara. Mwongo hutaja mbingu. Mimi nilikuwa mtoto nikimpelekea maji ya kunawa, na maswali yale niliyasikia mpaka nikayahifadhi kama sura ya Kurani.

Basi nikajifunga buibui nikaanza.

Ole wangu. Habari ya taa ilikuwa imeshalala usiku mzima barazani, na watu walikuwa wamezichanganya taa zao kama unga. Mmoja akaniambia ilikuwa na mkia na ilizunguka msikiti mara saba. Bibi mmoja rika langu akasema ni za kijani, na ni malaika. Mwengine akasema ni jini wa Nyali amekasirishwa na majengo marefu. Kijana mmoja akatoa simu anionyeshe picha, na kumbe ni taa ya barabarani. Wote waliniapia. Mzee mmoja jirani, mwenye sauti kuliko wote, akasema ameziona kwa macho yake haya mawili.

Nikamuuliza, "Na mwezi uliuona?"

"Nilikuwa wa kwanza kuuona, wallahi."

"Wakati huo huo?"

"Huo huo. Mwezi huku nautazama, taa zile nazitazama."

"Mwezi magharibi, Nyali mashariki. Basi wewe bwana una macho kisogoni."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Saa zilikuwa zikienda, na mwanangu yuko majini, na nimepoteza asubuhi nzima kwa watu waliokuwa wameelekea upande mwengine. Pale ndipo nilipofahamu kosa langu. Nilikuwa nikiuliza watu wa mwezi. Aliyeuona mwezi hakuziona taa. Nilitaka mtu ambaye usiku ule hakuwa na haja na mwezi.

Na mtu huyo alikuwa ndani ya nyumba yangu.

Chumba cha chini nimempangisha Mkristo mmoja wa bara, karani bandarini. Mtu mpole, miaka minne kwangu, hajanipa neno baya. Nikamgongea mlango. Nikamkuta akipiga pasi shati. Nikamuuliza kama baba alivyouliza: usiku wa mwezi ulikuwa wapi?

Alikuwa darini kwetu. Alipanda kuanua nguo zake kamba ya nyuma, upande wa bahari, akatukuta tumejazana, akapita nyuma yetu kimya. Aliona taa tatu. Nyekundu. Kila moja ilipanda, ikaning'inia, ikashuka polepole mpaka ikazimika. Ya kwanza na ya pili zilikaribiana. Ya tatu ilikuja baada ya fataki zetu.

"Na mbona hukusema?"

Akaiweka pasi chini. "Mama, nilidhani ni sherehe zenu. Si Idd yangu. Niliona si adabu kuulizauliza."

Adabu yake na ujeuri wangu vilifika pahali pamoja.

Nikamchukua mpaka darini na kibiringo cha uzi. Nikamwambia asimame pale pale aliposimama. Nikafunga uzi kwenye msumari wa kamba yake ya nguo, nikamwambia auvute na aushike mbele ya uso wake, uelekee pale ilipokuwa taa. Uzi ukapita juu ya jengo refu jeupe la ng'ambo, Nyali. Nikamwita mkazamwanangu apande, sikumwambia mwenzake amesema nini. Akaegemea tangi lake, akanyoosha mkono. Jengo lile lile.

Mpangaji wangu akasema, "Mama, uzi mmoja watuambia upande tu. Hautuambii ni mbali au karibu. Twataka mtu aliyekuwa pahali pengine." Alikuwa na ramani ya bahari ya kazini kwake, ile wanayotumia kuingizia meli, na sasa alikuwa ameshasahau shati lake.

Alasiri tukashuka naye mpaka Mama Ngina, kule mwisho wa kisiwa bahari inapofunguka. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Tulipita Ngome ya Yesu, waongozaji wa wageni wakanisalimu shikamoo, wananijua, nikawapita bila ya kuitika, jambo ambalo sijalifanya maishani mwangu. Huko Mama Ngina tukamkuta mwanamke auzaye mihogo ya kukaanga, mtu wa Kaloleni, kila jioni yuko pale pale, uso baharini kwa sababu jiko lake huliweka nyuma ya ukuta wa bahari kulikinga na upepo. Mafuta yake yalikuwa yakichemka usiku ule, hakuwa na nafasi ya mwezi wala nyota.

"Niliziona," akasema, na huku ageuza mihogo. "Tatu. Hazikuwa Nyali, mama. Zilikuwa nje, baharini, kule ng'ambo ya mwamba mawimbi yanakovunjika. Kushoto kidogo kwa lile boya."

Nikamuuliza rangi, nikamuuliza zilivyoshuka, nikamuuliza kama kuna mtu amemsimulia. Akanitazama kama ninamtukana. "Nani wa kunisimulia mimi? Watu hapa wanunua mihogo, waila, waenda zao."

Mpangaji akatandaza ramani juu ya ukuta wa bahari. Akaweka uzi mmoja kutoka nyumba yetu kupita jengo jeupe. Akaweka wa pili kutoka jiko la mihogo kupita kushoto kwa boya. Mimi nikashika ncha kwa vidole viwili. Nyuzi zikapandana nje ya mwamba wa Nyali, kwenye maji marefu. Uzi wangu wa kupindia leso. Niliitazama ile nukta, na nikajua kwamba mwanangu alikuwa pale, mbele ya macho yangu, na mimi nimempa mgongo nikitazama mwezi.

Yule afisa alitusikiliza amesimama. Akaangalia nyuzi. Akaniuliza, "Mna hakika?"

Mpangaji akainama. Nikasema mimi. "Sina hakika ya kitu. Hakika yangu ni moja, kusini mmetafuta siku mbili na hayuko."

Akainamia ramani. Kisha akamuuliza mpangaji kutoka pale maji yachukua wapi. Mpangaji akasema kaskazini, Kilifi. Afisa akanyanyua simu.

Asubuhi ya Idd ya tatu waliiona boti mbali huko mbele ya Kilifi, ikipepesuka. Ndani alikuwamo mtu mmoja. Alikuwa mwanangu.

Nilipofika hospitali midomo yake imepasuka, ngozi ya mabega imetoka kama ganda la kitunguu. Mkewe alikuwa amemshika mguu, haachi. Nilidhani nitalia, sikulia. Alitusimulia kidogo kidogo. Mashine ilizimika hawajafika mbali na Likoni, simu zikaingia maji, na maji yakawarudisha kutwa nzima mpaka mbele ya Nyali. Walikuwa na fataki tatu tu. Wakazingoja mpaka jua lizame zionekane. Wakawasha mbili.

"Kisha mulitujibu," akasema.

Sikufahamu. Nikamwambia apumzike.

"Mulitujibu, Mama. Mji wa Kale wote uliwaka. Nahodha akasema, alhamdulillahi, wametuona hao, tuwashe ya mwisho wajue tulipo. Tukaiwasha. Tukakaa kuwangoja."

Wakangoja usiku kucha. Kulipopambazuka nahodha akasema waliowaona hawaji, akavua shati akajitosa kuogelea kufuata nchi kavu. Mwanangu alimwangalia kichwa mpaka hakukiona tena. Hajapatikana mpaka leo.

Mjane wa nahodha akaa Kibokoni. Nilikwenda kukaa naye siku za mwanzo za eda, nikampikia, nikamfulia. Siku ya nne nikamwambia yote: fataki nilizozinunua, na maneno niliyoyasema darini. Hakunifukuza. Aliniambia tu, "Umefanya vyema kuniambia," kisha akageuza uso ukutani, na sijapata kulala vizuri tangu hapo. Msinambie ni kadari. Kadari naijua, na mdomo wangu naujua pia.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mwaka uliofuata Ramadhani ikafika mwezi ishirini na tisa, na kabla ya adhana ya magharibi nikawaita wote sebuleni, wakubwa na wadogo, na mpangaji wangu nikamwita pia akasimama mlangoni. Nikawaambia hivi:

"Fataki haziingii tena katika nyumba hii. Mtapanda darini kama kawaida na mtaangalia mwezi. Lakini kila mwaka mmoja wenu ataupa mwezi mgongo, asimame pale tangini aangalie bahari mpaka isha. Na akiona kitu, nami nikamwambia ni fataki za mahoteli, asinisikilize. Ashuke ngazi akaseme kwa watu wa doria."