Dakika ya Kumi na Mbili

Siku rafiki yangu aliponikubalia kwamba santuri yangu ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, nilishikwa na hofu.

Tulikuwa tumebishana juu ya jambo hilo kwa miaka zaidi ya ishirini. Kila Jumapili baada ya misa, yeye kwenye kiti chake cha mbao, mimi kwenye cha plastiki, mbele ya nyumba yake kando ya mto Lukuga, unapotoka ziwani, hapa Kalemie. Hakuwahi kukubali hata nusu. Yeye alikuwa fundi wa mitambo ya reli, mimi nilikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo ya mjini, na sote wawili tumestaafu kwa namna ya huku kwetu, yaani kazi ilituacha kabla sisi hatujaiacha. Jumapili hiyo nilimchokoza kama kawaida. Nilimwambia santuri yake ni kelele za gereji. Akatazama miguu yake, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo njo ni ndiyo, “Njo vile, ndugu. Ya kwako njo kubwa. Tuache.”

Nilirudi nyumbani mshindi.

Inabidi nizieleze santuri zenyewe, maana najua wengi hawazijui na hawana hasara. Ni roki ya Wazungu ya zamani, ile waliyoiita ya progresivu. Wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri. Kinanda kinaanza taratibu kama misa ya Pasaka, ngoma zinahesabu saba mahali watu wenye akili wanapohesabu nne, filimbi inatokea, filimbi inapotea, na mwimbaji anaingia wakati umeshasahau kwamba yupo. Mhandisi mmoja mzungu wa kiwanda cha nguo aliacha sanduku zima la santuri hizo alipoondoka. Sanduku likazunguka mjini miaka mingi mpaka likaishia redioni kwetu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Mji ulikuwa unacheza rumba na kuimba kwaya, na sioni kosa lake. Lakini mimi nilikuwa na saa moja tupu Jumapili alasiri, saa ambayo watu wamekula bukari, ugali wetu, na samaki na wamelala, nikaijaza kwa sanduku la mhandisi. Barua za wasikilizaji zilikuja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sista mmoja akiuliza kama mashine zetu zimeharibika. Ya pili ilikuwa ya fundi wa reli, kurasa nne, akipinga kila nilichosema.

Ndivyo tulivyokutana.

Majina ya santuri yalikuwa ya Kiingereza na hayakutukaa mdomoni, tukaziita kwa picha za majalada. Yangu ni Bluu, jalada bluu tupu, bila mtu wala neno. Yake ni Mlango. Ina picha ya mlango wa mbao uliosimama peke yake katikati ya majani, bila nyumba. Mimi nilisema Bluu ndiyo kubwa kwa sababu ni kitu kimoja toka mwanzo hadi mwisho, huwezi kutoa hata dakika. Yeye alisema Mlango, kwa sababu za kifundi. “Sikiliza vile inabadilisha vitesi,” aliniambia, akimaanisha gia. “Hakuna kukwaruza. Ile yako iko inapanda mulima mu vitesi ya kwanza, mupaka asubui.” Nilipomsifia ile hesabu ya saba, alicheka akasema babu zake walipiga hivyo kwenye ngoma bila kuandika kwenye jalada kwamba wao ni wasomi.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni kwamba ushahidi wake wote ulitoka kwenye kaseti. Alikuwa ameirekodi Mlango kutoka kipindi changu, kwa redio kaseti yake, na mara nyingi alitaka twende ndani tuisikilize. Nilikataa miaka yote. Nilikuwa nimeishika santuri yenyewe kwa mikono hii, nisikilize kaseti ya nini? Tena kulikuwa na aibu ambayo sikumwambia mtu. Redio yetu iliishi kwa komunike. Familia ilipofiwa, au mtu alipotafutwa, au shule ilipoita wazazi, karatasi ililetwa studio na ilisomwa saa hiyohiyo, iwe wimbo unaendelea au hauendelei. Kwa rumba ya dakika sita unasubiri imalizike. Kwa wimbo wa dakika ishirini na mbili huwezi kusubiri, kuna maiti. Basi nilikuwa napunguza sauti ya muziki, nasoma, narudisha. Sijawahi kurusha hewani upande hata mmoja wa santuri zile ukiwa mzima. Mimi niliyezipenda kuliko wote ndiye niliyezikatakata.

Na nilichoka na zile karatasi. Watu wanafikiri mtangazaji huchoka kwa kusema. Nilichoka kwa majina. Nimezika nusu ya mji huu kwa mdomo, na wa Niemba, wa Moba, wa milimani, watu nisiowajua, kwa sauti ileile tulivu niliyofundishwa, na hata leo mtu akinisikia sokoni nikiulizia bei ya ndagala, dagaa wetu, hugeuka kwa wasiwasi. Redio ilipohamia kwenye kompyuta, sanduku la mhandisi lilitolewa nje, sijui lilikoenda. Sikulifuatilia. Ndivyo nilivyokuwa nimechoka.

Kisha mke wa rafiki yangu akafariki. Mwaka uliofuata ziwa likapanda, likaingia kwenye nyumba za kando, na yake ikiwemo. Yeye na binti yake walitoa vitanda na masufuria wakasahau kantini, sanduku la chuma lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na ile kaseti. Walipolifungua, utepe ulikuwa umegandana na matope. Maji yaliporudi nyuma wakarudi nao, na ukuta bado una mstari wa kahawia unaonifika kiunoni. Rafiki yangu hakulalamika. Aliacha tu kubisha. Jumapili moja akabisha kidogo, ya pili akaitikia kwa kichwa, na ya tatu ndiyo ile aliyonikabidhi ushindi.

Binti yake ni muuguzi, ana miaka ishirini na mitatu na hana subira na wazee. Alinisindikiza mpaka barabarani. “Papa mudogo,” aliniambia, “unamuona? Hakule chakula muzuri. Hata kunigombeza hanigombeze tena. Tafuta kitu.”

Kitu nilichoweza kutafuta kilikuwa kimoja. Karibu na soko kuna mama mwenye duka la kupakia nyimbo kwenye simu, nikaenda na jina la Kiingereza nililoliandika kwenye kipande cha karatasi. Alitafuta siku tatu kwa sababu mtandao unakuja na kuondoka. Alipoipata, tuliionja pamoja. Dakika ya tano akanitazama kwa huruma. “Papa, huu wimbo hauishe?” Nikamwambia ndiyo kwanza unaanza. Nilikuwa na furaha nisiyoizoea. Mlango, safi, mzima, bila maiti hata mmoja. Nilijiona nimelipa dhambi zangu zote za studio kwa mkupuo.

Jumapili nilikwenda na spika ndogo ya betri. Nilimwambia, “Muzee, leo utasikia vile walitaka isikike.” Alikaa wima. Kinanda kilipoanza alifumba macho, na vitesi vilipobadilika kidole chake kilibadilika navyo kwenye mkono wa kiti. Nikajisemea, amerudi. Binti alikuwa mlangoni akichambua mchele, naye alitabasamu kidogo.

Ilipokaribia dakika ya kumi na mbili, kwenye kile kipande ambapo ngoma zinanyamaza na filimbi inabaki peke yake, aliinua mkono, kama mtu anayewanyamazisha wengine. Hakuna aliyekuwa anasema. Aliuacha mkono juu. Filimbi ikapita, gitaa likaja, ngoma zikarudi. Aliushusha mkono polepole akafumbua macho.

“Hii si yenyewe,” alisema.

“Njo yenyewe. Angalia jina.”

“Si yenyewe. Iko wapi komunike?”

Nilianza kucheka. Nilidhani ananitania, na nilifurahi kutaniwa. Uso wake haukuwa wa utani. Ndipo akanieleza, kwa uchovu, kana kwamba ni jambo nililopaswa kulijua siku zote. Siku aliyoirekodi ile kaseti, mke wake alikuwa ziwani. Alikuwa amekwenda Moba kwa mama yake kujifungua, na boti aliyopanda kurudi ilikuwa na siku nne haijaonekana, na upepo ulikuwa umevunja nyingine. Aliwasha redio ili asisikie majirani wakinong'ona. Alibonyeza kitufe cha kurekodi ili mikono ifanye kitu. Na katikati ya filimbi nikaingia mimi, nikasoma kwamba boti imepatikana, imejificha kwenye ghuba, watu wote ni wazima.

Sikukumbuka. Nilijaribu, haki ya Mungu. Karatasi zote zile, na moja iliyoleta uzima sikuihifadhi hata chembe.

“Sikupendaka hii wimbo,” alisema. “Siku ile njo nilianza kuipenda. Mama ya huyu mutoto alikuwa anacheka, anasema nimeoa yeye na filimbi. Sasa wewe unaniletea ile ya Wazungu. Ni muzuri. Lakini hakuna muntu mwenye anafika mule.”

Nilitamani kuzima spika na kwenda kulala. Nilikuwa nimebeba miaka ishirini aibu ya kukata ule wimbo, na nilichomletea ilikuwa Mlango iliyonyofolewa kitu pekee alichokihitaji. Nilimwambia pole. Nilimwambia ningeisoma upya ile komunike kama ningeikumbuka, lakini maneno yamepotea na kaseti.

“Hayakupotea,” alisema binti.

Aliweka ungo chini. Amekulia na ile kaseti, ililia nyumbani tangu hajui kutembea, na tena ni yeye aliyekuwemo kwenye ile boti, mchanga wa majuma mawili. Alisimama akaisema yote bila kukwama, pamoja na mahali nilipovuta pumzi, na kwa sauti yangu, ile tulivu, sauti ya matanga. Sikujua kwamba ninasikika hivyo. Nilimwomba aniambie taratibu, nikaandika nyuma ya karatasi ya yule mama wa duka.

Tukaurudisha wimbo mwanzo. Nilishika karatasi kwa mikono miwili kama siku ya kwanza ya kazi. Ngoma ziliponyamaza, rafiki yangu aliinua mkono. Nikapunguza sauti, nikasoma.

“Komunike. Familia ya fundi wa reli, kando ya Lukuga, inajulishwa kwa njia ya foni kutoka Moba kwamba boti iliyokuwa ikisubiriwa imeonekana, imeshika nanga ghubani kwa sababu ya upepo. Abiria wote ni wazima. Mama na mutoto ni wazima. Watafika kesho, Mungu akipenda. Mwenye kusikia amwambie asiyesikia.”

Niliikohoa sentensi ya mwisho. Koo langu si lile la zamani. Nikarudisha sauti, na filimbi ilikuwa bado haijamaliza.

Rafiki yangu alilia wazi, bila kujifuta. Binti alikwenda kuketi karibu naye sakafuni, na wimbo ukaenda wenyewe mpaka ule mlio mdogo wa mwisho.

Kisha rafiki yangu akavuta kiti chake kunielekea, kama alivyokuwa akifanya zamani akiwa na hoja.

“Siku ile haukukohoa,” alisema. “Sasa uniambie. Ile Bluu yako. Nani anafikaka mule?”

Miaka ishirini na zaidi ya kuitetea, na sikupata jina hata moja. Nilimwambia nitamjibu Jumapili, na nilifurahi mno kushindwa.