Tulivyomtembeza Nekesa

Iko Jumapili moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa katika miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kianda, hapa Kibera, na mume wangu Barasa alikuwa fundi wa mbao. Mimi nilikuwa nikiwafulia watu nguo kule maghorofa ya Highrise, na mikono hii unayoiona imekunjamana, usiicheke, iliweza kukamua blanketi bila msaidizi.

Kisha nikazaa mtoto wa kwanza, msichana, na hakulia. Wakamfunga kwenye leso, Barasa akaenda kumzika na wanaume wa ploti yetu ya kupanga, nami sikumwona tena. Waliporudi wakaniambia nisimtaje, kwamba mtoto ambaye hakupumua hapewi jina, na nitazaa mwingine. Walisema kwa upendo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikanyamaza kama nilivyoambiwa, na kile kimya kikanila. Nikaacha kufua, nikaacha kupika, mwisho nikaacha kuinuka. Uji ukiletwa nageukia ukuta. Barasa akaanza kusema atanirudisha nyumbani Magharibi kwa mama yangu, nami nilijua, bila kumwambia, kwamba nikifika huko nitakufa.

Ndipo akaja Senge Nafula. Senge ndivyo sisi tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Aliishi Kawangware akiuza mboga, na alikuwa wa kanisa la wale wavaa kanzu nyeupe wanaotembea barabarani na ngoma. Mimi niliwaona kama watu waliokosa kazi ya kufanya Jumapili. Ujana una maneno mengi. Akasimama mlangoni, akanitazama.

"Hii kitanda itakumaliza," akasema. "Jumapili utatembea na sisi."

"Senge, hata choo siwezi fika."

"Kwani nani amekuambia ukimbie? Sisi hatukimbiangi."

Akanipakia kwenye matatu hadi kwake Kawangware. Jumapili asubuhi akanivika kanzu yake ya zamani, iliyonimeza mzima, akaniweka nyuma yake kwenye mstari. Walikuwa wanatoka kanisani kwao kwenda kusali na wenzao wa Kianda. Niliitazama ile barabara nikaona nitaanguka kabla ya kona ya kwanza.

Lakini mwanangu, sijaona mwendo kama ule. Ngoma ikilia, unainua mguu, unakaa nao kidogo. Ikilia tena, unaukanyaga. Walikwenda kama watu waliobeba mitungi iliyojaa. Nguvu zangu zilikuwa chache, ila zilitosha mguu mmoja, na mguu mmoja ndio uliotakiwa. Kila njia panda mstari ulisimama, kimya kabisa, kila mtu akiangalia moyoni mwake kuna nini. Kisha aliyetaka alitamka jina la mtu wake aliyekufa au aliyepotea, na wenzake wakalichukua, wakaliimba mpaka njia panda iliyofuata. Hakuna aliyeuliza huyo ni nani.

Nikasikia majina ya waume, ya kina mama, ya ndugu waliozama ziwani. Mimi nilinyamaza kila tuliposimama, na Senge hakugeuka hata mara moja kunihimiza. Tukafika karibu na Kianda, penye vibanda vya vinyozi na vya kaseti. Ngoma ikatulia. Nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Nekesa."

Ilikuwa yangu. Kwetu Nekesa ni msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno, na hayo ndiyo majira aliyokuja. Sikuwa nimepanga kulisema.

Basi walilichukua, mwanangu! Wazee wenye ndevu, wasichana, kina mama wenye watoto mgongoni, watu wasionijua kabisa, wakamwimba mtoto wangu polepole, jina lake kwa kila hatua. Kijana mmoja kwenye kibanda cha kaseti akamwambia mwenzake, "Bana, zima hiyo redio. Hao wamathe wanalilia mtu." Muziki ukazimwa. Barabara nzima ikawa inamsikiliza mtoto ambaye hakuwahi kuvuta hata pumzi moja. Nywele zilinisimama, na zinanisimama hata sasa nikikusimulia. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu azikwe, nalia na miguu inakwenda. Barasa alikuwa amesimama nje ya ploti yetu. Aliposikia jina linaloimbwa, na kuniona, akaelewa. Akavua kofia, akaingia kwenye mstari nyuma yangu.

Usidhani nilipona siku hiyo. Jumatatu nilikunywa uji, nikarudi kulala. Jumanne nilitembea mpaka bombani na kurudi, kwa mwendo ule ule, nikilitaja jina lake chini chini, majirani wakidhani nimerukwa na akili. Wacha wadhani. Nguvu zilirudi kidogo kidogo, kama zilivyoondoka, hadi nikashika blanketi la mtu tena. Nilipomuuliza Senge alinitengeneza kwa dawa gani, alicheka sana. "Dawa gani? Maji ikisimama inanuka, ikienda mbio inabeba daraja. Wewe enda tu."

Basi sikiliza. Maisha yatakuangusha, hilo halina mjadala. Siku hiyo usijifungie na kimya chako, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Wala usiruke kitandani kutuonyesha ushujaa. Tulia kwanza, ujitazame ndani bila kujidanganya, ulitaje kwa jina lake lile linalokuuma. Halafu inuka utembee, taratibu, hata kama ni kufika mlangoni tu, na ukipata watu wa kutembea nao usiwakatae kwa sababu ya nguo zao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi nilizaa tena, na hao unawajua. Ila nikiulizwa kifungua mimba wangu ni nani, nasema ni Nekesa, na siinamishi uso.

Mungu akujalie mguu mmoja kila utakapouhitaji, mwanangu. Na siku utakaposhindwa kabisa kuimba, akupe watu wa kulichukua jina lako na kwenda nalo.