Maji ya Kumi na Saba

Kwa misimu miwili ya kusi, upepo wa kusini, nilikuwa na kazi ambayo mpaka leo nashindwa kuwaeleza watu wa kwetu Tezo. Nilikuwa naandika hali ya bahari kwa chaki. Kambi yetu ilikuwa ya makuti, ufukweni, kati ya Kilifi na Malindi. Mbele yake, mwendo wa robo saa kwa kulala kifudifudi juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono, ulikuwapo mwamba ambao mawimbi ya bahari kuu yaliupasukia kwa mstari mmoja mrefu. Watu walitoka mbali kuja kuyapanda. Kila alfajiri, kabla hawajaamka, nilishuka ufukweni nikatazama, nikarudi, nikaandika kwenye kibao cheusi kilichotundikwa kwenye nguzo ya jikoni: upepo, wimbi, saa za maji, na neno moja la mwisho, ama nendeni au kaeni.

Nilifika pale kwa njia yangu ya siku zote, yaani kwa kuchoka mahali pengine. Nilikuwa nimetoka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, ambako nilikaa mwaka mmoja mpaka macho yakachoshwa na weupe. Kabla ya hapo nilipanga chumba Muyeye. Mama husema kitovu changu kilizikwa vibaya, kuku wakakifukua, ndiyo sababu situlii. Sasa nimepita miaka arobaini na bado nahama, lakini nikiulizwa ni wapi ningependa kurudi, siku hizi najibu haraka zaidi kuliko zamani. Ningerudi kwenye kibao kile.

Hesabu ya maji alinifundisha mpishi wa kambi, mama mmoja wa mji wa kale Malindi aliyesema Kiswahili kilichonyooka hata alipokuwa anagombeza sufuria. Mwezi ukiandama, alisema, tarehe mosi maji hujaa saa kumi, alfajiri na alasiri. Tarehe kumi na tano vivyo hivyo. Hayo ndiyo maji ya bamvua, yanayojaa sana na kukauka sana. Kila siku inayofuata yanachelewa. Nilimuuliza yanachelewa kwa muda gani. "Saa moja," akasema, "uipunguzie kikombe cha kahawa." Nilipolinganisha baadaye niliona kikombe chake kilikuwa dakika kumi kamili.

Mkuu wa kambi alinipa pia simu. Simu ilijua mambo ambayo mpishi hakuyajua: wimbi lililozaliwa huko chini, kusini kabisa, lingetufikia siku gani, na kusi lingeamka saa ngapi. Kwa wimbi na upepo niliiamini. Kwa maji sikuitaka hata kuitazama. Niliwaambia wageni kwamba simu inahesabu maji ya bandari ya Mombasa na haiujui mwamba wetu. Waliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekipenda kile kipaji kidogo cha kuhesabu kwa vidole mbele ya watu, na sikutaka kukigawana na mtu.

Mwalimu alikuja kambini jioni moja akiwa na viatu mkononi. Alikuwa amepangiwa shule ya msingi huko Tezo, mtu wa bara, wa milima ya chai, na alipofika pwani hakujua hata kuelea. Aliuliza kama kuna mtu wa kumfundisha. Nikamfundisha mimi, Jumamosi kwa Jumamosi, ndani ya maji tulivu yaliyo kati ya ufuko na mwamba. Kwanza kuelea, kisha kuulalia ubao, kisha kusimama juu ya povu lililobaki baada ya mawimbi makubwa kuvunjika huko nje. Alianguka sana. Alikuwa na tabia ya kujisahihisha kwa sauti kila alipoibuka, kama anasahihisha daftari: mguu mbele mno, macho chini, rudia. Wavuvi walimzoea. Mmoja alimwuliza kama huko kwao wanafundisha watoto kwa kuwatupa mtoni, naye akamjibu kuwa kwao mto ni baridi kiasi kwamba mtoto hujifundisha mwenyewe kutoka.

Huko nje kwenye mwamba sikuwahi kumpeleka. Mwamba unataka mambo matatu yakutane: wimbi lisilozidi uwezo wako, upepo uliolala, na maji ya kutosha kufunika jiwe bila kulizamisha. Maji yakijaa mno wimbi linapita bila kuvunjika. Yakipungua mno linakuvunjia juu ya miiba ya mwamba. Kila Jumamosi jambo moja kati ya hayo lilikataa, nami nilimwambia, utaenda, mwalimu, bahari haihami.

Aliyehama ni yeye. Barua ya uhamisho ilimfikia siku chache baada ya Idd ya mfungo tatu, ile ya kuchinja. Alipewa shule karibu na kwao, jambo alilokuwa ameliomba kwa miaka kwa sababu ya mzazi mgonjwa, kwa hiyo hakuweza hata kuhuzunika hadharani. Lori la kubeba vyombo vyake lingeondoka Jumamosi saa kumi na moja jioni. Alikuja Jumatano, akasimama mbele ya kibao changu kilichoandikwa hali ya siku ile, akasoma mpaka chini.

"Niandikie Jumamosi," akasema.

Nilijua anataka nini. Nilifungua simu: wimbi la kiunoni, likipanda hadi kifuani, na umande, ule upepo mwembamba wa bara unaolainisha bahari asubuhi, ungekaa mpaka kama saa tatu. Yalibaki maji. Nikahesabu kwa vidole. Jumamosi ilikuwa tarehe kumi na nane ya mwezi. Maji yangejaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yakaanza kutoka, na kati ya saa mbili na nusu na saa tatu mwamba ungekuwa na kipimo chake. Nikamwambia kwamba bahari imemuandalia.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili sidhani kama mtu wa mahali pengine angelifanya. Mwaka ule mwezi wa mfungo tatu uliandama kwa mabishano. Wako waliofuata tangazo la redio, na wako waliosema mwezi ni ule ulioonekana kwa macho hapa kwetu, nao wakaswali Idd siku iliyofuata. Kila upande una hoja zake na mimi, ambaye nilibatizwa, sina la kusema humo. Nilichokifanya ni kula pilau mara mbili, siku ya kwanza kwa majirani zangu wa zamani Muyeye, siku ya pili kwa kina mpishi mji wa kale, na nyumba zote mbili nilisifu kama vile nilikuwa sijala kwa wiki. Kisha nikarudi kambini nikaanza kuhesabu maji kutoka pilau ya kwanza, nikiifanya ndiyo tarehe kumi ya Idd. Hesabu niliyofundishwa ilikuwa ya mwezi wa kuonekana kwa macho. Mpishi alikuwa bado kwao kwa mapumziko, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kupita na mwiko wake mkononi na kunisahihisha.

Jumamosi mwalimu alifika saa moja. Mizigo ilikuwa imeshafungwa, alisema, kitanda kimeshafunguliwa, amelala juu ya godoro sakafuni. Bahari ilikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mawimbi yalipanda kule nje moja baada ya jingine, yakifunguka taratibu kutoka kusini kwenda kaskazini, na umande uliyapeperushia manyunyu nyuma. Sijawahi kuuona tena mwamba ule ukiwa hivyo.

Akasema twende. Nikasema bado, maji ni mengi. Akatoa simu yake akanionyesha kwamba kwa mujibu wake maji yalianza kutoka zamani. Nikampa maelezo yangu ya bandari ya Mombasa. Tukakaa mchangani. Nikamletea chai na mahamri ya jana, na kwa saa nzima na zaidi tukalitazama lile jambo alilolingojea misimu miwili likipita mbele yetu.

Tulipoingia majini saa mbili na robo niliona dalili ambazo sikutaka kuziona. Nyasi za bahari zilikuwa zinagusa tumbo la ubao. Tulipofika karibu na mwamba mgongo wake ulikuwa umeshatokeza, mweusi, unatiririka, na mawimbi yalikuwa yanapasuka juu ya jiwe tupu kwa mlio mkavu. Nyuma yetu walikuja akina mama wanne wa kutafuta pweza, wakitembea kwa miguu mahali ambapo mimi nilitegemea kuelea. Aliyetangulia alikuwa bibi wa Kigiriama, hawe kama tunavyowaita, na fimbo yake ya chuma begani. Mwalimu akamwamkia shikamoo. Hawe akaitikia, akatutazama sisi na mbao zetu.

"Leo mnamchoma pweza kwa ubao?"

Wenzake wakacheka. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia kwake kuna msiba gani, leo ni tarehe ngapi ya mwezi.

"Kumi na saba."

Nikamwambia redio ilisema vingine.

"Pweza hasikilizi redio, mwanangu," akasema, akainama kwenye shimo lake.

Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kulala stendi, lakini sikumbuki kusimama mahali nikiwa mdogo kama nilivyosimama pale, maji yakiwa magotini. Nilimgeukia mwalimu. Nikamwambia nimekosea kwa siku moja nzima, kwamba asubuhi ile simu yake ilikuwa sawa na mimi sikuwa sawa, na kwamba wimbi lake lilikuwa lile tulilolitazama tukinywa chai.

Alikuwa anatazama jiwe, si mimi.

"Watoto wangu wakikosea hesabu nawaambia warudie," akasema. "Maji haya yanarudia saa ngapi?"

Nilihesabu, safari hii kutoka kumi na saba, nikahesabu tena. Saa tisa. Nikamwambia pia yaliyobaki: kusi lingekuwa limeshaamka tangu saa tano, bahari itakuwa imevurugika, si hii aliyoiona asubuhi, na lori linaondoka saa kumi na moja.

"Basi tungoje saa tisa."

Nilidhani tungengojea ufukweni. Hakutaka. Alisema akikanyaga mchanga watu wa kumuaga watamshika mkono na hawatamwachia. Kwa hiyo tulikaa kwenye mwamba zaidi ya saa sita, jua la kusi likitubabua. Mmoja wa wale akina mama alimfunika mwalimu kichwa kwa leso yake. Hawe alimfundisha kutambua mlango wa pweza kwa kokoto zilizopangwa mbele ya shimo. Mwalimu akamkamata mmoja, akapiga ukelele alipomng'ang'ania mkono, akaambiwa asimkumbatie, si mchumba. Hakunilaumu. Mara moja tu, bila kunitazama, alisema kwamba kilichomuuma si kukosea kwangu bali ile saa moja ya kumwambia bado, bado, kwa sauti ya mtu anayejua.

Neno hilo nimelibeba miji mingi. Watu wengine walioniambia maneno makali zaidi nimewasahau sura.

Maji yalirudi kama yanavyorudi siku zote, kwanza kwenye mifereji, kisha kwenye vidimbwi, kisha pote. Akina mama waliondoka na vikapu vyao. Kusi lilikuwa limeshachafua bahari. Mawimbi yalikuja yamepindana, meupe kabla ya wakati, hakuna hata moja lililofanana na ndugu yake. Kama ningekuwa na chaki ningeandika kaeni. Tulielea upande wa nje, yeye kushoto kwangu, na kila wimbi lilipoinuka aliniuliza kwa macho, nami nikasema acha. Acha. Acha. Niliogopa kumtuma kwenye baya, na niliogopa zaidi kusema nenda, kwa sababu nenda yangu ilikuwa imeshaharibika mara moja siku ile.

Ikafika saa kumi kasoro. Likaja moja, si zuri, limeinama upande, lakini limeshikana. Aliniangalia. Sikusema kitu. Basi akaacha kuniangalia, akageuza ubao mwenyewe, akapiga maji mara nne, tano, na nikaona nyayo zake zikipotea kwenye mgongo wa wimbi.

Ukiwa nyuma ya wimbi humwoni aliye mbele yake. Unaona maji tu. Nilihesabu mpaka sita, kisha kichwa chake kikatokeza juu ya mstari, kisha mabega, na mabega yalikuwa yamesimama. Alipita juu ya mwamba wote, akayumba, akajinyoosha, akaingia kwenye maji ya ndani, na pale ambapo mtu wa kawaida angelala au kuruka, yeye aliendelea kusimama juu ya povu, mzito, mikono imetanuka, mpaka povu lilipomfikisha karibu na mchanga na kumlaza chini taratibu.

Walimu wenzake walikuwa wameshafika kumchukua. Niliwaona wakimkimbilia na nguo zao, wakimvuta, mmoja akimfuta nywele. Sikuweza kusikia. Kutoka kule nje niliona tu mkono wake wa kulia ukipanda kuwaonyesha ukubwa wa wimbi, ukapita kiuno, ukapita kifua, ukasimama juu kabisa ya kichwa, na ukabaki pale huku wote wakiutazama.